Kiti Yangu Mbele ya Video

"Mama, hiyo ni kazi ya chifu! Serikali ndiyo ifunge hiyo nyumba ya video, sio mimi!"

Kijana yangu aliniambia hivyo akiwa na kikapu ya majani chai mgongoni. Nilikuwa nimemwambia kwamba binti yake wa darasa la saba anashinda sokoni kila Jumamosi, kwa nyumba ya video, na huko wanaonyesha watu uchi.

Mimi sikusoma, lakini aibu ya watu wetu naijua. Jumamosi nikachukua kiti yangu ndogo, nikaingia huko, nikakaa mbele kabisa.

Mwenye video akasimama na kaseti mkononi. "Kogo, umepotea?"

"Sijapotea. Weka tu ile mnaangalia siku zote. Macho yangu bado inaona."

Kwetu mwanaume hawezi kuangalia mambo ya kitanda na kogo, yaani nyanya, amekaa hapo. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wamevuta kofia kwa uso. Mwenye video akarudisha kaseti kwa kabati, akaweka ile ya mpira. Mjukuu yangu alikuwa kwa kona, amejifunika na leso. "Kogo, twende nyumbani tafadhali."

Baba yake aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizi Jumamosi anaenda huko na binti yake, wanaangalia mpira pamoja, majani inangoja Jumatatu. Roho yangu imetulia.

Chifu bado hajafika. Wewe unayesoma hii, ukipita huku kwetu Sigowet waambie akina mama: anayetaka kiti, aje nimwazime.