Mutoto Balipima na Bidoni

Miaka ine nzima, Micheline hakusalimia Baudouin. Hata ku misa, padri akisema batu bapeane mukono ya amani, alikuwa anaficha yake chini ya kikwembe. Mungu Mwenyewe amusamehe Baudouin. Yeye iko na wakati mingi.

Mwaka bakimbia vita ku Djugu, nyumba iliungua na makaratasi yote ndani. Mu kambi ya Bunia, Baudouin njo alikuwa shefu wa bloku, anaandika miaka ya batoto. Hakuuliza bamama. Alikuwa anasimama tu ku robine ya maji: mutoto mwenye anaweza kubeba bidoni ya maji ya litre makumi mbili ku kichwa, anamuandika quatorze ans, miaka kumi na ine. Gracieuse, mujukuu wa Micheline, alibeba. Alikuwa na miaka kumi tu.

"Baudouin, kinga ya magurudumu mbili inabeba bidoni tatu. Iyo nayo imeshakuwa mutu mukubwa?"

"Mama, yenye imeandikwa, imeandikwa."

Sasa, mwaka huu, simu ya mufanyabiashara mumoja ikapotea ku soko, bakashika Gracieuse, eti njo aliiba. Karatasi ya Baudouin ikasema: dix-huit ans, miaka kumi na munane. Bakamufunga pamoja na bamama bakubwa, bengine beko na kesi ya kuua mutu. Kila siku Micheline alimupelekea fufu, kila siku akarudi analaani.

Avoka mwenye anamutetea Gracieuse akaomba dokta apime mutoto. Dokta Jeannine akamuangalia meno, akapiga foto ya mifupa ya mukono. Ku tribunal, mbele ya juge mwenye anakata kesi, akainua ile foto ku mwangaza.

"Hapa karibu na kiganja, mifupa haiyashikana. Binti wa dix-huit, kwa kawaida imeshashikana. Siku alizaliwa siwezi kuijua. Lakini huyu iko kati ya treize na quinze."

Micheline akafunga macho. Kati ya kumi na tatu na kumi na tano! Njo yenye alisema tangu zamani, bila foto.

Juge akageukia Baudouin, mwenye baliita juu ya ile karatasi. "Na weye, ulipima na nini?"

Baudouin akaangalia viatu yake. "Na bidoni, Monsieur le juge."

Batu bakacheka mpaka polisi akapiga meza. Juge akakata: huyu ni mutoto, atoke leo, kesi iende kwa juge wa batoto.

Inje, Gracieuse akamurukia tate wake Micheline ku shingo. Micheline akapumua pumzi yenye alifunga tangu ile siku ya robine. Baudouin akasogea, mukono mbele.

"Mama Micheline, unisamehe."

Micheline akamutazama. Kisha akamuwekea ku ule mukono godoro ya Gracieuse, yenye ilitoka naye mu gereza.

"Beba mpaka ku nyumba. Tuone weye uko na miaka ngapi."