Waya wa Kijani kwenye Bomba la Uani

Mpaka leo nikiona video ya mtu anayesifu waya wa redio alioutengeneza nyumbani kwake, nasikia kinyaa. Si kwa ajili yake, masikini. Ni kwa ajili yangu.

Nilikuwa na amplifaya ya zamani, nzito, niliyorithi kwa mjomba, na ilikuwa na mvumo. Muziki ukinyamaza, spika zinabaki zinavuma. Mtu mwenye akili angeipeleka kwa fundi. Mimi nikafuata video ya kujitengenezea waya wa umeme: nikanunua waya wa pasi, nikaukata vipande vitatu, nikavisuka kama ukili, nikazungushia karatasi ya foili niliyoichukua jikoni, kisha nikavisha pete za sumaku nilizong'oa kwenye nyaya za kompyuta mbovu. Nikachomeka. Mvumo ulikuwa palepale. Rafiki yangu wa kazini, aliyekuja kusikiliza, akafumba macho akasema sasa udi unasikika mpaka ukucha wa mpigaji. Sikusikia ukucha wowote. Nikamwambia hata mimi nausikia, na nikajipiga kifua.

Video iliyofuata ikasema tatizo ni ethi, ile njia ya kushusha umeme ardhini: nyumba isiyo nayo, funga waya wa kijani kwenye bomba la maji la chuma. Nyumba yetu ya Ngamiani haina ethi. Basi nikauvuta waya kutoka nyuma ya amplifaya, nikaupitisha dirishani, nikaufunga kwenye bomba la uani, chini kabisa, pasipoonekana. Bomba lile ni la chuma juu tu. Linapoingia sakafuni ni plastiki, maana la zamani lililiwa na kutu, na mafundi waliolibadilisha niliwaita mimi mwenyewe. Nilijua yote hayo. Nilikuwa nimevimba kichwa tu.

Bomba hilo ndilo mama yangu alilotawadhia. Anasimama miguu mitupu kwenye saruji yenye maji, anafungua kwa mkono wa kulia. Nami kila siku nilikuwa narudi kutoka kazini mapema alasiri, nawasha amplifaya hata viatu sijavua.

Zilipita kama wiki mbili. Siku moja nikapita mlangoni kwake nikamwona amekaa kwenye mkeka, kopo la mchanga mbele yake, anapiga viganja mchangani na kupangusa uso. Anatayamamu, udhu wa asiye na maji, na maji yapo uani. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anaumwa. Niliona kwamba anaona haya.

"Maji yananikataa, mwanangu," akasema. "Adhuhuri yananipokea. Ikifika alasiri, nikishika bomba yananipiga mpaka begani. Nimewaza ni kosa gani nililomkosea Mola, silioni. Namwomba tu anisamehe hilo nisilolijua."

Nilitoka pale. Nikachukua testa ya umeme, nikaigusisha bombani, ikawaka. Amplifaya ilikuwa inavuja umeme kwenye bodi lake la chuma, huenda ndiyo maana ikavuma, na waya wangu ulikuwa umeupeleka umeme huo bombani. Haukuwa na njia ya kushuka ardhini ila kupitia mwilini mwa mama yangu. Sebuleni muziki ulikuwa unaendelea. Nikaenda kuuzima, nikaung'oa ule waya wa kusuka na foili yake, nikautupa. Mwanamke wa umri ule alikuwa amekaa siku zote hizo akipekua maisha yake, akitafuta dhambi, na mimi chumba cha pili najidai nasikia ukucha.

Nikakata waya wa kijani, nikarudi kwake koleo likiwa mkononi. Neno nililopaswa kusema lilikuwa moja tu. Nikasema bomba lilikuwa na hitilafu kidogo, nimeshalitengeneza, aje ajaribu.

Alikuja. Akaligusa kwa ncha ya kidole, akangoja, akaligusa tena, ndipo akalifungua. Akatawadha taratibu, kila kiungo mara tatu, huku machozi yanamtoka. Alipomaliza akainua mikono akaniombea dua ndefu, Mungu anilipe kheri kwa kumrudishia maji yake, na anipe watoto watakaonitunza kama ninavyomtunza yeye.

Nikaitikia amina.