Musumari wa directeur wa tatu

Mimi si mutu wa kutunga hadithi. Ninafundisha hesabu, na hiki nitawaambia nilikishika na huu mukono wangu wa kuume. Mucheke kama munataka, lakini mungoje kwanza nimalize.

Shule yetu ya Waquaker iko huku juu katika mtaa wa Kadutu. Juzijuzi kanisa likapanga sikukuu ya kukumbuka madirecteur wote waliopita, wakubwa wa shule, na picha zao zitundikwe ukutani. Nani anajua majina kama si mimi, mwalimu wa zamani kupita wote? Nikaandika majina manne. Walikuwa watano.

Yule niliyemuruka alikuwa wa tatu. Nitamuita Papa Directeur tu. Wakati wa vita, watu walikimbilia shuleni kwetu na watoto wao. Mvua wiki nzima, hakuna kuni, watoto wanatetemeka. Papa Directeur akaniambia, "Mwalimu, kamata shoka. Benchi tutatengeneza ingine, mutoto hatutamutengeneza." Ni mimi nilipasua zile benchi. Mimi mwenyewe! Vita ilipotulia, komite ya shule ikasema directeur aliziuza. Nikaogopa kufukuzwa, nikanyamaza. Yeye hakunitaja hata kidogo. Wakamufukuza, akarudi kwao Nyangezi, akafia kule na jina la mwizi.

Sasa nikimuandika, si wataanza kuuliza maswali? Nikaona bora nimuruke.

Siku moja kabla ya sikukuu, saa kumi ya mchana, nilikuwa peke yangu katika salle, chumba kikubwa cha sala. Nilikuwa nimemaliza kupiga misumari minne, inje mvua inamwangika. Papa mumoja mwenye koti akaingia, akaketi kwenye benchi ya nyuma, akainamisha kichwa. Kwetu sala ni kimya, na mutu akiwa katika kimya haumuulizi jina. Nikaketi pembeni yake, nikainama pia.

Kimya chetu kinaisha kwa kupeana mukono. Akaninyooshea wake. Mama yangu! Baridi ile sijawahi kuishika, hata kwa maiti. Halafu nikaona koti lake liko kavu kabisa, na ile mvua yote! Nikainua macho, nikamujua. Akaniuliza polepole, "Mwalimu, benchi sasa zinatosha watoto?"

Nilipogeuka nimujibu, pembeni yangu hakukuwa mutu. Na ukutani misumari ilikuwa mitano. Ule wa katikati mimi sikuupiga, muniamini.

Munazani nilijifunza? Kesho yake maman mujane wake akafika kutoka Nyangezi, bila kualikwa, amefunga picha ya bwana yake katika kitenge. Majina manne yakasomwa. Akangoja. Kisha kimya kikaanza, kile ambacho ndani yake mutu yeyote akisukumwa moyoni anasimama na kusema. Nikasikia benchi yangu inalemewa upande mumoja, kama mutu ameketi. Hakukuwa mutu. Alikuwa ananingoja, na mimi nikabaki nimekaa. Nisiseme magoti yalikataa. Ni mimi nilikataa.

Maman akaja kunipa mukono. "Aksanti, mwalimu, sikukuu ilikuwa muzuri." Akarudi na kitenge chake.

Miezi mitatu sikupata usingizi. Mwishowe nikasimama mbele ya komite, nikasema yote. Hawakunifukuza hata! Nikapanda gari mpaka Nyangezi kuomba ile picha. Binti yake akanitazama kwa huruma. "Papa mwalimu, maman tulimuzika wiki iliyopita. Picha alituomba tumulalishe nayo."

Ule musumari uko pale mpaka leo, bila kitu. Na huu mukono haupati moto, hata nikiuweka juu ya mbabula, jiko la makala ya moto. Wanafunzi wanazani ni ugonjwa.

Basi wewe unayenisikiliza, kama unajua ukweli wa mutu, usingoje usukumwe mara mbili. Simama useme, wakati mujane wake angali ameketi pale mbele na picha mikononi.