Chachu ya Hashil

Hashil bin Zahran wa kijiji cha Ole alikuwa na lori, na lori lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa petroli. Vita vya pili vya Wajerumani vilikuwa vimepamba moto, petroli ikawa haipatikani, lori likakaa bandani mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Mtu mwingine angelifunika turubai akangoja vita viishe. Hashil hakuumbwa kungoja. Aliumbwa kusema.

Siku moja alinunua halua, ikafungwa kwa gazeti kuukuu la Misri. Halua akaila, gazeti akalisoma. Kumbe Wajerumani wanapika petroli kwa makaa: makaa huchomwa kwa hewa kidogo na mvuke, hutoka gesi, na gesi hiyo hupitishwa juu ya unga wa chuma ulio moto ikageuka mafuta. Unga wenyewe hauishi, lakini bila huo gesi hubaki gesi. Hashil akauita chachu. Habari ilikuwa ya kweli, sikatai. Balaa ni kwamba ilimwangukia Hashil.

Kiwanda hakuwa nacho. Alikuwa na mke, Bi Zuweina, na Bi Zuweina alikuwa na mtambo wa kukamulia mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu: chungu kikubwa cha shaba na bomba lake refu. Ndio urithi pekee aliouachiwa na marehemu babake. Kila msimu aliuwasha, na mafuta yake ndiyo yaliyowavisha watoto. Lori halikuwahi kuwavisha hata kofia.

“Mama Thuraiya, nipa lile bomba tu. Chungu sikigusi.”

“Na ukiliharibu?”

“Kwani mie ntoto?”

Swali hilo majirani sote tungelijibu, lakini hakutuuliza.

Akalijaza bomba unga wa chuma aliouzoa kwa mhunzi, akalikokea moto, akachoma makaa ya vifuu ndani ya pipa ili gesi ipite. Ukatoka moshi na maji machafu. Hashil akasema chachu inataka shaba kidogo. Shaba katika nyumba ile ilikuwa mahali pamoja tu, basi mkewe akienda shamba, yeye huchukua tupa akakikereza kitako cha chungu. Chachu haiishi, alitwambia mwenyewe barazani, na kila wiki akarudi kukereza nyengine.

Hatimaye bomba likatona. Matone ya manjano, mazito, ukiyatia utambi yanawaka. Hashil akaita watu baada ya sala ya Ijumaa, akapiga kilemba kama anayekwenda kuposa, chupa ikapita mkono kwa mkono. Ulikuwa wakati wa kuanika, majamvi ya karafuu yametanda kila ua. Kila mzee alinusa, akatikisa kichwa kama mjuzi. Ila Himid, mgeni aliyefika juzi kutoka Bagamoyo, alikunja uso.

“Mbona haya yananukia karafuu?”

Watu wakamcheka. “Weye mgeni weye!” akasema Mzee Mmanga. “Hapa kitu gani kisichonukia karafuu? Hata wali wetu!”

Mafuta yakatiwa kwenye lori. Hashil akazungusha hendeli mpaka kilemba kikamdondoka. Lori likakohoa mara moja, likanyamaza. Ndipo Bi Zuweina akatoka uani, akaichukua chupa, akatia tone kwenye pamba na kujigusa ufizi, kama anayetuliza jino. Akaugonga ufizi kwa ukucha.

“Ufizi ushakufa ganzi,” akasema. “Haya mafuta ya makonyo, ya tangu enzi za baba. Yaliganda mle bombani miaka yote, weye umeyayeyusha kwa moto wako. Gesi yako haikugeuka kitu.”

“Chachu ilikuwa kidogo,” akajibu Hashil mbele ya watu, bila haya.

Neno hilo ndilo lililomtia mkewe wasiwasi, maana alishasikia chachu inataka shaba. Akaenda kukitazama chungu. Makonyo ya msimu yalikuwa yameshajaa uani, yanamngoja. Akakitia maji, na maji yakatokea chini. Bi Zuweina, ambaye hata babake alipozikwa hakutoa sauti, alilia tukamsikia nyumba ya tatu. Nilimkimbilia, mwanamke mwenzangu, nikamshika mabega. Wallahi nilimchukia Hashil siku ile, na mpaka leo sijamaliza.

Asubuhi akaja mhunzi, hana hata kipande cha shaba. Vita vilikuwa vimekausha kila duka. Bi Zuweina akampeleka bandani, akawafukuza kuku, akafungua boneti na kumwonesha rejeta. Mhunzi akaing’oa, akaikata shaba yake, akaziba kitako cha chungu kwa misumari ya ribiti na risasi iliyoyeyushwa. Nyundo ndizo zilizomwamsha Hashil.

“Zuweina! We Zuweina! Petroli ikija, lori litakwendaje?”

Bi Zuweina alikuwa anapanga kuni chini ya chungu. Hakuinua kichwa.

“Litie chachu,” akasema, na akawasha moto.