Pelagia na Mawe ya Nyongo

Umande haujakauka Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, na Pelagia Ndayikeza tayari ameinamia pipa la machikichi yaliyochemka. Anayachota kwa beseni, anayamimina kwenye mashine ya kukamulia, kisha anashika mpini mrefu na kuzunguka nao. Mawese yanaanza kuchuruzika.

"Kazi hii inataka tumbo," anasema huku akihema. "Mikono peke yake haitoshi."

Mwaka juzi tumbo hilo lilimwangusha. Kila alipokula chakula cha mafuta, maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia hadi akajikunja sakafuni. Macho yakawa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi. Majirani wakanong'ona kwamba amerogwa.

"Nilimwona anakwisha mbele yangu, na mimi nakoroga mitishamba tu," anasema mumewe, Melkiadi.

Hospitalini Kasulu, kipimo cha tumbo kilionyesha mawe yamekwama kwenye mrija wa nyongo. Aliposikia neno upasuaji, Pelagia alijifunga kitenge akarudi nyumbani. Dada yake aliwahi kupasuliwa tumbo, na tangu hapo hainui hata ndoo ya maji.

Homa ndiyo iliyomrudisha, akitetemeka kwenye pikipiki katikati ya dereva na mumewe. Dawa zilipoituliza, Daktari Nurudini, mwenyeji wa Tanga, aliketi kando ya kitanda.

"Mama, tutatoboa matundu madogo. Moja la kamera, mengine ya vifaa vya kutolea mawe."

"Na mkishindwa?"

"Tukishindwa, itabidi tufungue tumbo. Sikufichi."

Jibu hilo ndilo lililomfanya akubali. "Angeniahidi mazuri matupu, ningetoroka tena."

Katika chumba cha upasuaji, jiwe la mwisho lilikataa kutoka. Nurudini anakumbuka kwamba vifaa vya upasuaji mkubwa vilishaandaliwa. Akajaribu mara moja zaidi, na kikapu kidogo cha waya kikalinasa.

Pelagia alipozinduka, mkono wake ulikimbilia tumboni. Ukakuta plasta ndogondogo tu. "Nililia," anasema. "Melkiadi akadhani naumwa."

Jumamosi ana safari ya Kumsenga, wilayani Kibondo, kwa binamu yake Ange. Macho ya Ange yameanza kubadilika rangi, na wageni wakija anajifungia chumbani.

"Sitamhubiria," anasema Pelagia. "Nitaingia humo chumbani, nifungue kitenge, ayaguse makovu yangu kwa mkono wake. Akimaliza kuyagusa, tunapanda gari la Kasulu."