Ovaroli Isiyo na Pamba

Juzi nilikuwa dukani Igoma nikisubiri kupimiwa sukari. Mama mmoja, gunia la viazi vitamu miguuni pake, aliomba kisu. Mumewe, aliyevaa ovaroli ya kiwanda cha kuchambua pamba, akakunja uso.

"Mama watoto, viazi gunia zima vya nini?"

"Vya michembe. Nitavikata, nivianike juu ya bati, tule mpaka mvua nyingine."

"Michembe? Kwani tuko kijijini? Mshahara si upo?"

Mama hakupandisha sauti. Alimpangusa mumewe begani taratibu, ingawa hapakuwa na kitu cha kupangusa.

"Baba watoto, wiki ya tatu hii nafua ovaroli isiyo na hata unyuzi mmoja wa pamba ya kiwandani."

Kumbe mwenzetu alishapunguzwa kazi, na kila asubuhi alikuwa akiaga kwamba anakwenda kiwandani! Mume akamwambia mwenye duka, "Ongeza kisu kingine."

Wakubwa wanatuhimiza tujiandae kwa soko huria, lakini sijamsikia hata mmoja akieleza namna. Mimi sukari nikaiacha, nikamuuliza yule mama viazi kanunua wapi.