Mikono Mingi Kwenye Landrova ya Mama Rosa

Babati mjini, ukitaka kushonewa viti vya gari huulizi mara mbili. Utaambiwa nenda Nakwa, kwa Mama Rosa, pale penye cherehani inayopiga kelele kuliko redio ya jirani. Jina lake ni Dorika, ila hilo hulisikia kanisani tu, na siku mumewe akikasirika.

Kwa miaka yote ya kazi yake, mama huyu alikuwa amekaa kwenye viti vya nusu ya magari ya mji ule. Ya wakulima, ya wenye maduka, ya walimu, hata ya padri. Na hakuna hata moja lililokuwa likitembea! Yeye hupanda, hupima, hubonyeza godoro, hushona, kisha mwenye gari huwasha na kuondoka, na Mama Rosa hubaki na vumbi lake. Sasa niambie wewe, mtu mwenye moyo anavumilia jambo hilo mpaka lini?

Kuna kijiwe cha wapenda magari upande wa Singe, wenyewe wanajiita Boneti Juu. Hukutana Jumapili baada ya ibada, wanafunua maboneti na kubishana mpaka sauti zinakauka. Pale hakuna cha hela. Ni kazi kwa kazi. Ukininyooshea bodi, nakufungia taa; ukinipakia rangi, nakushonea viti. Na wana sheria moja ambayo ukiivunja utataniwa mpaka utamani kuhama mji: huligusi gari la mwenzako mpaka mwenyewe awe amekaa kwenye usukani. Mama Rosa alikuwa mwanachama wa siku nyingi, tena wa kutegemewa, ila asiye na gari. Kila mwaka baada ya mavuno, msafara wao ulipokwenda kupanda mlima wa Dareda, yeye alibebwa kiti cha nyuma pamoja na sufuria za pilau.

Basi siku moja akamshonea mkulima mmoja wa Sigino viti vya lori na cha trekta. Yule mzee akakuna kichwa, akasema, "Mwanangu, ninyi si mnakwendaga kwa kazi kwa kazi? Mimi kazi ya kukurudishia sina. Chukua ile Landrova nyuma ya zizi." Mama Rosa akaenda kuiona. Kuku walikuwa wanaatamia juu ya injini, kiti cha dereva kimebaki springi tupu, lakini usukani ulikuwepo, mkubwa, mweusi, umesuguliwa na mikono ya watu. Aliushika akacheka peke yake. Mzee wa watu akadhani mama amepandwa na kitu.

Ilifika Nakwa ikivutwa na trekta. Mumewe, Anthony, mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa maneno machache na kichwa kigumu, aliizunguka akiwa ameshika kiuno.

"Mama Rosa, umeniletea banda la kuku."

"Ni gari, Baba Rosa."

"Gari linaingia uani kwa kuvutwa?"

Siku hiyo yaliishia hapo. Lakini mavuno yalipokaribia, Anthony akawa anaitazama kwa jicho baya, kwa sababu ilikuwa imekalia pale pale anapoanika mahindi. Jioni moja akafungua mdomo. Alikuwa ameshampigia simu Romanus, mnunuzi wa chuma chakavu. "Jumamosi ya safari yenu ya Dareda, likitoka uani kwa injini yake pamoja na magari ya wenzako, likae, sitasema neno tena mpaka nife. Lisipotoka, Romanus atapita asubuhi hiyohiyo na lori lake la Kanta, alikate alibebe."

Weee! Mama Rosa alilala usiku huo akiisikia ile misumeno ya chuma masikioni. Kulipopambazuka alishafika Singe.

"Wote mliokalia viti vyangu," akasema, "leo nadai makalio yenu."

Kijiwe kikaangua kicheko, lakini wakasimama. Paskasi, fundi wa injini, mzee wa sauti nene, akaifungua injini yote akaimwaga juu ya turubai. Mudy, kijana wa umeme wa magari, akang'oa nyaya zilizotafunwa na panya akafunga mpya, huku akipiga miluzi. Jovin, mwenye pikapu, ambaye hakuna kabureta asiyodai kuielewa, akaisafisha ile kabureta kwa mswaki, na jioni akamfundisha mama kuendesha kwa pikapu yake kwenye uwanja wa mpira. Wote walifanya kazi mama akiwa kwenye usukani, kama sheria inavyotaka. Leseni akaipata. Viti akavishona mwenyewe, vyekundu, vyenye mshono mweupe, vizuri mpaka Mudy akavua viatu kabla ya kuvikalia.

Na Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, loo! Landrova iliwaka. Ilipiga chafya, ikatoa moshi, ikatetemeka, kisha ikanguruma mpaka majirani wakatoka nje. Mama Rosa alipiga vigelegele hadi koo likauma. Paskasi, mzee mzima, alicheza na spana mkononi. Anthony peke yake alikaa mlangoni akitazama. Mama alimwona akisimama, kisha akakaa tena.

Ijumaa mama alikuwa na kazi ya basi zima kule Singe, akashinda huko mpaka jioni. Aliporudi alikuwa hoi, akala, akalala. Hakwenda hata kuiangalia Landrova. Ya nini? Si ilishawaka?

Jumamosi asubuhi honi zilisikika kuanzia barabara kuu. Boneti Juu wote wamekuja kumchukua mwenzao, magari yameoshwa, vitambaa vimefungwa kwenye vioo. Mama Rosa alitoka na kitenge kipya na miwani ya jua aliyoazima. Landrova ilikuwa inang'aa uani. Akadhani ni macho yake tu yana furaha. Akapanda. Akakaa kwenye kiti alichokishona kwa mikono yake. Akazungusha ufunguo.

Kri-kri-kri-kri. Kimya.

Akarudia. Injini ikakohoa, ikatema moto kidogo kwenye kabureta, ikanyamaza. Akarudia tena. Honi za nje zikakoma moja moja. Na katika ule ukimya, nani unadhani anaingia getini? Romanus na Kanta yake, na mitungi ya gesi ya kukatia chuma imesimama nyuma.

"Shikamoo mama," Romanus akasalimia kwa adabu. "Ndiyo hili?"

Mama Rosa aliuachia usukani. Machozi yalikuwa yamefika kwenye kope, akayarudisha kwa nguvu. Aliteremka, akafunua boneti, na hapo akaona kitu. Kwenye ukingo, pale alipopafuta mwenyewe Alhamisi kwa kanga yake ya zamani, palikuwa na alama za vidole vya grisi. Na vidole hivyo havikuwa vya mtu mmoja.

Aligeuka taratibu.

"Nani amegusa gari langu?"

Wanaume wale walivyoanza kutazama viatu vyao, ungewahurumia.

"Mama Rosa," Paskasi akaanza, sauti nene imekuwa nyembamba, "jana asubuhi nilikuwa napita tu. Nikasema niizungushe distributa, kile kigawa-umeme cha injini, niisogezee taimingi kidogo. Kidogo tu! Ipande mlima vizuri."

"Mimi nilikuwa kwenye usukani?"

"Hukuwepo."

Mudy akanyoosha mkono. "Mama, mi nilikuja mchana. Nikakuta distributa imekaa kimagumashi, nikajua nimekosea mimi. Nikahamisha nyaya za plagi. Dah, nisamehe."

"Jovin!"

"Sijasema kitu, mama."

"Ndiyo maana nakuita."

Jovin akakiri kwamba alifika jioni, akaona mpangilio wa nyaya haumwingii akilini, akaona pa kusaidia ni kwenye kabureta. Akaikaza skrubu. Kisha akaikaza tena, kwa upendo.

Mama Rosa aliwaka. Aliwapa maneno yao pale pale, mbele ya Romanus, mbele ya kuku, kwamba watu wazima wenye ndevu wanashindwa kukaa mbali na boneti siku moja tu, na kwamba sheria waliitunga wenyewe na wameivunja kwa zamu. Paskasi na Mudy wakaanza kulaumiana, Jovin akainama ndani akiwa na bisibisi yake tayari, na kila mmoja anasema aachiwe yeye, anajua pa kuanzia.

"Toa mkono!" mama akapaza sauti. "Toeni mikono yote! Kaeni chini."

Wakakaa. Kwenye magunia, kama walivyo.

Mama alikuwa anahema. Alifikiri kwa namna aliyoizoea, ya kazi yake. Kiti kikishonwa vibaya na watu wengi huanzii kufumua katikati, utachana kitambaa. Unaanza na mshono wa mwisho. Kila fundi kati ya hawa alishona juu ya kosa la mwenzake.

"Aliyegusa mwisho ndiye wa kwanza kufumua," akasema. "Jovin, fungua kile ulichokaza, urudi ukae. Halafu Mudy. Halafu wewe mzee. Hakuna kuongeza, hakuna kuboresha. Mnarudisha tu. Na mimi nakaa kwenye usukani."

Wakafumua. Mmoja akiinama, wengine wanatazama kwa wivu, mikono imebanwa kwapani. Paskasi alipomaliza alijifuta jasho akaitikia kwa kichwa. Romanus alikuwa ameshazima injini ya Kanta. Naye alitaka kuona.

Mama akazungusha ufunguo. Ikashika! Watu wakaruka. Ikanguruma mara moja, ikajikaza, ikajikaza, halafu ikazimika kama mtu aliyezibwa mdomo. Akarudia. Vilevile. Akarudia mpaka betri ikalegea, kri, kri, na haikutoa sauti tena.

Hapo ndipo roho ilipomwanguka. Paskasi alifungua mikono kuonyesha kwamba kwake kumeisha. Romanus akakohoa kidogo, akaangalia mitungi yake. Mama Rosa aliuliza mara ya mwisho, bila hasira sasa, kwa sauti ya kuchoka.

"Kuna mwingine aliyeligusa?"

Kisha mlangoni mtu akajikuna shingo. Anthony.

"Mimi," akasema.

Watu wote wakageuka. Anthony alitembea mpaka nyuma ya gari, akachutama, akaingiza vidole kwenye bomba la moshi, akavuta. Kikatoka kitambaa chekundu, mabaki ya kushonea vile viti, kimekunjwa na kushindiliwa vizuri kabisa, kirefu, kinatoka tu hakiishi. Alisimama nacho mkononi bila kujua akiweke wapi.

"Jana ulipochelewa nililiosha," akasema. "Nikaogopa maji yasije yakaingia humo. Nikaziba. Nikasahau."

Mama Rosa alimtazama, akaitazama ile Landrova inayong'aa, akamtazama tena.

"Uliliosha? Si ulisema ni la kukatwa?"

"Nilisema lisipotoka litakatwa." Anthony alitazama chini. "Sikusema litoke chafu."

Nakwambia, uani pale palilipuka kwa kicheko, na mama alicheka kuliko wote, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi yakapata njia yakashuka yote. Akayafuta kwa kitenge kipya. Hakujali.

"Betri imekufa," akasema. "Nani anasukuma?"

Unadhani nani alitangulia? Anthony aliweka bega upande mmoja, na upande wa pili, bila kuambiwa na mtu, akaweka bega Romanus. Aliyepiga simu na aliyepigiwa, wanalisukuma gari walilopanga kulikata! Mafundi wakajipanga nyuma yao. Moja, mbili, hiyaa! Landrova ikabingirika kuelekea getini, mama akaachia klachi, ikaruka kama imechomwa sindano, ikawaka. Ikawaka kweli kweli! Ikatoka getini kwa injini yake, honi zote za Boneti Juu zikapasuka kwa pamoja, kuku wakatimka, na Anthony ikabidi akimbie na ndala zake, akadandia mlango, akaangukia kiti cha pembeni akihema.

"Mama Rosa!" Romanus alikuwa akipaza sauti nyuma. "Na viti vya Kanta yangu je, utanishonea?"

"Umeshasukuma!" akajibu kupitia dirishani. "Njoo Jumatatu!"

Walipita mji, wakapita mashamba yaliyovunwa, wakafika chini ya mlima. Barabara ikaanza kujikunja. Mama akashusha gia, akashika usukani mpaka vidole vikakosa damu, na Landrova ikapanda, polepole, ikinguruma kona baada ya kona, huku mbele yake pikapu ya Jovin na nyuma yake Mudy amening'inia kwenye dirisha la gari lililofuata akipiga kelele, "Twende mama! Usiachie!" Njia nzima Anthony alishika dashibodi kwa mikono miwili, na kila kona ilipoisha alitoa pumzi.

Juu kabisa mama akaegesha. Alizima injini. Bonde lote lilikuwa chini yao, na Mlima Kwaraha kwa mbali, na yeye alikuwa amefika amekaa kwenye kiti cha dereva. Hakuteremka mara moja. Alipapasa mshono mweupe wa kiti chake.

Anthony aliteremka. Alitoa kile kitambaa chekundu mfukoni, akafuta vumbi kwenye kioo cha mbele, upande wa mama kwanza, kwa utaratibu mpaka pembeni. Kisha akaja dirishani. Yeye huendesha trekta za watu msimu wa kulima, usukani si mgeni kwake.

"Kushuka naomba niendeshe mimi," akasema.

"Hapa ni kazi kwa kazi, Baba Rosa," mama akamwambia. "Utanilipa nini?"

Anthony akafikiri. Akatazama kitambaa mkononi.

"Basi," Mama Rosa akasema, akahamia kiti cha pembeni na kumwachia ufunguo. "Si umeshaosha."